Maswali ya Wasomaji: Una Uhakika Aliyejaza Dodoso Lako Ni Mtu?

Karibuni tena. Toleo lililopita tuligusia kidogo habari ya dodoso na kura za maoni, na tangu hapo meseji zimemiminika, nyingi kutoka kwa watu wanaokula na kulala na kazi hii, wasimamizi wa fildi, wanafunzi, wadodosaji, watu wa makampuni ya utafiti, na karibu wote kilio ni kimoja, kwamba sheria zimebana upande mmoja na teknolojia imevuruga upande wa pili, sasa mtafiti apite wapi. Nimechagua chache nikazifupisha, majina nimeyaacha maana wengine wanalinda ajira zao. Msimamo wangu nausema mapema: mtu aliyekubali kukaa chini akajibu maswali yetu ametupa kitu cha thamani, na matatizo mengi mliyoniandikia yameanzia pale ambapo mtu huyo alisahauliwa. Alipigiwa simu hovyo, au taarifa zake zilizagaa, au nafasi yake ikachukuliwa na mashine na sisi tukakubali kwa sababu namba ilikuwa inapendeza.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili, utafiti wangu ni wa vijana na afya ya akili. Niliweka linki ya dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za mitandaoni, nikaahidi vocha ya muda wa maongezi kwa kila atakayemaliza. Nimelala nina majibu arobaini na kitu, nimeamka nina zaidi ya mia tisa! Msimamizi wangu kafurahi anasema sampuli imenenepa. Mimi roho haijatulia. Niendelee na uchambuzi?

Marahaba. Roho yako imekuambia kweli, simama hapohapo kwanza, na vocha usitume hata moja mpaka umalize kukagua.

Fungua faili ghafi, usiangalie grafu, angalia safu moja moja. Anza na muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Kama dodoso lako mtu wa kawaida analimaliza kwa dakika kumi na tano na hawa wamelimaliza kwa dakika mbili, tena yameingia usiku wa manane moja nyuma ya jingine bila kupumua, hapo hamna mjadala. Afu linganisha umri aliotaja na mwaka wa kuzaliwa kama uliuliza vyote viwili. Halafu nenda kwenye maswali ya kujieleza, hapo ndo utaona vizuri zaidi. Kijana wa kweli ukimuuliza nini kinamsumbua anaandika "mawazo tu, siku zingine silali" au anaandika "sijui" au anaacha wazi. Ukikutana na "Afya ya akili ni suala muhimu linalohitaji kuzingatiwa na wadau wote katika jamii", na mistari sita chini ukakuta "Suala la afya ya akili ni la msingi na linapaswa kupewa uzito na jamii nzima", halafu tena na tena sentensi ileile imevalishwa nguo nyingine, jua unasoma kazi ya programu, mtu mwenye mawazo yake haandiki hivyo saa tisa usiku akiwa amelala chali na simu.

Ila nisikudanganye, dalili hizi zinawanasa wazembe. Mwaka 2025 mtafiti wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, Sean Westwood, alichapisha kazi iliyowatisha wengi kwenye fani hii. Alitengeneza mhojiwa wa akili mnemba anayejaza dodoso mwenyewe, na kwenye majaribio 6,000 ya yale maswali ya mtego tunayoyaweka kupima kama mtu anasoma kweli, mhojiwa huyo wa mashine alipita kwa asilimia 99.8. Alikuwa anajifanya kusoma kwa mwendo wa binadamu kulingana na elimu aliyopewa, anasogeza mausi kama binadamu, anaandika herufi moja moja na makosa ya kuandika anayaweka kisha anayafuta. Kwahiyo zile njia tulizofundishwa, swali la "chagua jibu la tatu ili tujue unasoma", kile kisanduku cha kuthibitisha wewe siyo roboti, swali lililofichwa ambalo binadamu halioni, zote bado ziweke maana zinasaidia kwa wale wa chini, lakini usizitegemee kama ndo ukuta wako.

Na hata bila roboti tatizo lipo, la binadamu wanaojaza ili walipwe basi. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2024 walieleza jaribio walilofanya kwenye paneli za mtandaoni, yaani makundi ya watu wanaojibu madodoso, zile ambazo mtu yeyote anajiunga mwenyewe, waliuliza kama mhojiwa ana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia, na kati ya waliosema wana umri chini ya miaka 30, asilimia 12 wakajibu ndiyo. Watu wenye kibali hicho duniani ni wachache mno hata ukiwatafuta kwa tochi huwapati kwenye sampuli ya kawaida. Ina maana hao walikuwa wanabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo ili waende mbele. Sasa fikiria ungeuliza swali la maana, umewahi kufikiria kujidhuru, na hao haohao wakabonyeza ndiyo, ukaandika ripoti, na waziri fulani akaisoma. Ndo maana nakuambia simama.

Na biashara ya majibu feki ni kubwa. Aprili 2025 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafungulia kesi watu 8 wakidai waliuza data feki za dodoso kwa makampuni kwa miaka mingi, thamani yake dola milioni 10. Yaani kuna watu kazi yao kuzunguka mitandaoni kutafuta linki kama yako yenye ahadi ya zawadi.

Cha kufanya. Hiyo linki ya wazi ifunge leo. Tengeneza linki tofauti kwa kila chanzo, grupu hili linki yake, ukurasa ule linki yake, ili uchafu ukiingia ujue umepitia mlango gani na usilazimike kutupa kila kitu. Zawadi usiitangaze hadharani, mwambie mtu baada ya kumwalika. Kama unaweza kupata orodha, chuo, shule, kituo, chagua majina kwa bahati nasibu halafu waalike mmoja mmoja kwa linki ya kutumika mara moja, utapata watu wachache lakini utajua ni akina nani walioalikwa na nani kakataa. Yale arobaini ya kabla ya usiku ule yakague kivyake, usidhani yako safi kwa sababu yalitangulia. Na msimamizi wako muandikie kwa heshima, mpelekee jedwali la muda na mifano ya hayo majibu ya kujieleza, usibishane naye kwa maneno. Kwenye tasnifu eleza yote, mangapi yaliingia, mangapi umeyatoa na kwa kigezo gani.

Kuhusu sampuli kunenepa, mkumbushe tu gazeti la Literary Digest la Marekani mwaka 1936. Walituma karatasi za kura milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Landon atashinda urais. Roosevelt akashinda kwa asilimia 61 hivi. Wingi haukuwaokoa.

Dada habari za kazi. Nasimamia kituo cha simu cha utafiti. Miaka ya nyuma tulikuwa tunapiga namba mia tunapata watu wa kutosha kwa siku, saivi vijana wangu wanapiga mpaka sauti zinakauka hawapati kitu. Bosi anasema ni uzembe wetu. Ni kweli?

Nzuri, pole na kazi. Siyo uzembe wa vijana wako, na hili mpelekee bosi akasome.

Pew hao hao walikuwa wanatunza hesabu zao. Mwaka 1997 katika utafiti wao wa simu walikuwa wanapata ushirikiano wa asilimia 36, mwaka 2012 ikawa 9, mwaka 2018 ikawa 6. Sita. Na hao ni watu wenye hela na uzoefu. Uingereza, ofisi ya taifa ya takwimu Oktoba 2023 ilibidi isimamishe takwimu za ajira zinazotokana na utafiti wake mkubwa wa nguvu kazi kwa sababu waliojibu walikuwa wameshuka chini ya asilimia 20, na hizo ndo namba ambazo benki kuu inaziangalia ikipanga riba. Kwahiyo hili halihusu kituo chako peke yake.

Sababu ya kwanza ni matapeli na wauza bidhaa. Watu wamepigiwa sana, na wengine wanaanza kwa "tunafanya utafiti mfupi" kumbe wanauza kitu, na huo kwetu sisi ni wizi kabisa, kanuni za maadili za fani zinaukataza tangu zamani maana unatumia jina la utafiti kumlaghai mtu na kesho akipigiwa na mtafiti wa kweli anakata. Sababu ya pili ni simu zenyewe. Smatifoni nyingi saivi zinaandika kwenye kioo kwamba mpigaji anashukiwa, nyingine zinanyamazisha namba zisizojulikana, na iPhone kwa toleo la iOS 26 lililotoka Septemba 2025 mwenye simu akitaka, mashine inapokea kwanza inamuuliza mpigaji jina na shida yake kabla simu haijaita. Mdodosaji wako anaongea na mashine kwanza! Kama kazoea kusoma utangulizi mrefu wa dakika nzima, amekwisha. Mfundishe sentensi moja, jina lake, taasisi, kwamba hauzi kitu, na ni dakika ngapi.

Sababu ya tatu ni sheria, na hapa inategemea upo wapi. Marekani wana sheria ya mwaka 1991 inayokataza kupiga simu za mkononi kwa mashine ya kujipigia bila ridhaa, fidia yake dola 500 kwa kila simu na inaweza kufika 1,500 kama ulikusudia. Kampuni ya Gallup mwaka 2015 ilikubali kulipa dola milioni 12 kumaliza kesi ya aina hiyo. Baadaye mwaka 2021 mahakama kuu kabisa ya kule ikapunguza wigo wa mashine zinazohesabika, watafiti wakapumua kidogo, halafu Februari 2024 mamlaka yao ya mawasiliano ikatamka kuwa sauti iliyotengenezwa na akili mnemba ni sauti bandia mbele ya sheria hiyohiyo, kwahiyo nayo inataka ridhaa. Kwenu soma sheria ya mawasiliano na ya taarifa binafsi kabla hujanunua mfumo wowote wa kujipigia, wauzaji wa mifumo hawatakuambia.

Kitu kinachosaidia kweli ni meseji ya kutangulia. Siku moja kabla, fupi, jina la taasisi, namba itakayopiga, na namba ya ofisi ambayo mtu anaweza kupiga akahakikisha. Afu mpige kwa namba hiyohiyo. Kuna vituo vinabadilisha namba kila siku ili kukwepa kuwekewa alama, mimi hilo nalikataa, ndo tabia ya matapeli na mifumo ya makampuni ya simu inalitambua haraka.

Jambo moja usilipoteze kwenye mazungumzo na bosi. Asilimia ndogo ya waliojibu haimaanishi moja kwa moja kwamba matokeo ni mabovu. Ubovu unakuja kama waliokataa wanatofautiana na waliokubali kwenye kitu unachopima. Pew walipochunguza waligundua kwenye mambo mengi majibu yalibaki karibu na ukweli ukishaweka uzani, yaani ukirekebisha hesabu ili sampuli ifanane na jamii, lakini kwenye kujitolea na kushiriki mambo ya jamii yalizidishwa sana, maana mtu wa kujitolea ndo huyohuyo anayekubali kukupa dakika zake. Kwahiyo badala ya kumsukuma kijana apige namba mia tano zaidi, tenga muda urudi kwa waliokataa wachache, uwaombe kwa njia nyingine, ulinganishe. Kazi hiyo itakuambia mengi zaidi.

Mfumo wetu wa barua pepe unaonyesha watu karibu wote wamefungua mwaliko, wengine hata wamebonyeza linki, lakini waliojaza hawafiki hata robo. Tumekosea wapi?

Hizo namba za kufungua zisahau. Tangu Septemba 2021 programu ya barua pepe ya Apple inafungua picha zote yenyewe kwenye seva zake kulinda faragha ya mtumiaji aliyeikubali huduma hiyo, kwahiyo mfumo wako unahesabu "kafungua" wakati mtu hajagusa. Na ofisi nyingi zina programu za usalama zinazobonyeza kila linki kuikagua kabla barua haijamfikia mwenyewe, na hapo linki ya kutumika mara moja inaweza kuhesabika imeshatumika! Weka ukurasa wa kwanza wenye kitufe cha "anza", jibu lihesabike baada ya kitufe. Na kama mnatuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wa Gmail, tangu Februari 2024 Google wanataka uthibitisho wa anwani yako, njia rahisi ya mtu kujitoa, na malalamiko yasifike asilimia 0.3, na Yahoo nao wameweka masharti yanayofanana. Mkikosea hapo mnaishia kwenye takataka kimyakimya.

Tunaweza kutoa matokeo ya kura yetu ya maoni siku mbili kabla ya uchaguzi?

Inategemea nchi. Italia siku 15 za mwisho ni marufuku, Ufaransa ni siku ya kabla na siku yenyewe, kwingine hamna katazo kabisa. Uliza tume ya uchaguzi ya pale mnapofanyia, kwa maandishi. Lakini hata pasipo na sheria toeni pamoja na matokeo nani kalipa, wangapi mmewahoji, mliwapataje, tarehe, na maneno kamili ya swali. Anayeficha hayo mimi kura yake siisomi.

Kaka naomba ushauri haraka. Taasisi yetu imemaliza kukusanya data kwenye kaya, maswali ya kipato, HIV na ukatili wa majumbani. Mfadhili wa nje anataka faili zima, majina, namba za simu, na alama za GPS za kila nyumba, anasema mkataba unasema data ni mali yake. Nitume?

Usitume. Na mimi ni dada, lakini tuendelee maana hili ni zito.

Mkataba kati yenu na mfadhili hauwezi kufuta ahadi mliyompa yule mama aliyefungua mlango. Toa ile karatasi ya ridhaa mliyomsomea, isome neno kwa neno. Mlimwambia jina lake litaenda kwa nani? Kama mlimwambia "majibu yako yatabaki siri kwa timu ya utafiti" basi hiyo ndo mipaka, na mfadhili hayumo ndani yake.

Kisheria pia hali imebadilika sana ndani ya miaka michache. Umoja wa Ulaya sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, imeanza kutumika Mei 2018, faini inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote, ipi kubwa. Kenya na Uganda wametunga zao 2019, Tanzania 2022, Nigeria 2023, Afrika Kusini yao imeanza kubana kikamilifu Julai 2021, China Novemba 2021. Zinatofautiana lakini mifupa ni ileile: uwe na sababu halali, uchukue kile tu unachohitaji, taarifa za afya na nyingine nyeti zina ulinzi wa ziada, na kuzihamisha nje ya nchi kuna masharti yake. Utafiti unapewa nafuu kadhaa, ndiyo, ila nafuu siyo msamaha.

Sasa watu husema basi nitafuta majina yatosha. Haitoshi! Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kuwa asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Hamna jina hapo. Na nyinyi mna GPS ya mlango, umri, idadi ya watoto, na jibu la swali la kama mumewe anampiga. Faili hilo likivuja, mtu wa kijiji hichohicho anahitaji dakika chache kujua ni nani, na mumewe pia anaweza kuwa na marafiki wenye kompyuta.

Fanya hivi. Gawa faili mawili, moja lina majina, simu na GPS pamoja na namba ya siri ya kila mhojiwa, jingine lina majibu na namba hiyo ya siri tu, yakae sehemu tofauti na funguo tofauti. Alama za GPS zisogeze kabla hazijatoka, zile tafiti kubwa za DHS za afya na idadi ya watu zinasogeza alama ya eneo zima la sampuli, siyo ya nyumba, mpaka kilomita 2 mjini na mpaka 5 vijijini na chache mpaka 10. Umri weka makundi, kijiji toa, bakiza wilaya kama wilaya ni kubwa. Mfadhili mpe faili hilo la pili, uchambuzi wake wote atafanya. Akisema anataka kuhakiki kama mlienda kweli, hiyo hoja ni halali, mwambie aje ofisini kwenu akague sampuli ndogo mbele yenu, au mhakiki wa kujitegemea awapigie wale tu waliokubali kupigiwa tena. Na barua ya kumkatalia iandikwe na mkurugenzi, siyo wewe. Usibebe mzigo huu peke yako.

Bosi wetu katoka kwenye mkutano anasema fildi imepitwa, tuwaunde wahojiwa kwa akili mnemba, tuipe umri na jinsia na kazi ijibu kama mtu huyo. Wateja wameanza kuuliza bei. Wewe unaonaje?

Naona hapana, na nitasema kwa nini bila kuzunguka. Ni kweli mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba programu hizi zikipewa wasifu wa mtu zinaweza kutoa majibu yanayokaribiana na ya makundi halisi ya wapiga kura wa kule. Hiyo ndo bosi kaisikia. Lakini mwaka uliofuata wengine walipopima kwa undani wakakuta wastani unaweza kukaribia ila majibu yanasongamana katikati kuliko ya watu, na ukibadilisha maneno kidogo au ukarudia baada ya miezi kadhaa unapata kitu kingine. Na hapo ni Marekani na kwa Kiingereza, ambako programu imesoma bahari ya maandishi. Kwa watu ambao hawajaandika chochote mtandaoni, wazee, wakulima, wasio na simu, inabuni, hamna kingine, na inabuni kwa sauti ya kujiamini. Hao ndo hasa tunaowafuata kwa miguu kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuwajua.

Itumieni kujaribu dodoso kabla ya fildi, itawaonyesha swali lenye maana mbili au maelekezo ya kuruka swali yaliyokosewa. Kupanga majibu ya kujieleza kwenye makundi pia sawa, mradi mtu ahakiki sehemu yake na taarifa za wahojiwa msizibandike kwenye huduma ya nje ambayo hamjui inazitunza wapi. Ila kumuuzia mteja asilimia za watu ambao hawapo na kuziita matokeo ya utafiti, hapana, na kama bosi ataendelea angalau kwenye ukurasa wa kwanza iandikwe wazi kwamba hakuna mtu aliyeulizwa.

Shikamoo mama. Mimi ni mdodosaji. Kishikwambi tunachopewa kinarekodi sauti sehemu ya mahojiano bila kutuambia lini, na GPS inatufuata mpaka nyumbani. Mwezi huu nimekatwa malipo, wanasema mfumo umeonyesha mahojiano yangu mawili yanafanana sana. Nilifanya kazi kweli, kaya zote nilifika. Nina haki gani?

Marahaba mwanangu. Barua yako ndo imenigusa kuliko zote, maana wadodosaji ndo wanaolipwa kidogo na kulaumiwa kwanza.

Kukagua siyo kosa. Udanganyifu wa kujazia dodoso chini ya mti upo, tunaujua sote, na sauti na GPS vinasaidia kuugundua. Lakini unavyokaguliwa lazima uambiwe kabla, kwenye mkataba, nini kinarekodiwa, lini, nani anasikiliza na kinafutwa lini. GPS ya kukufuata baada ya saa za kazi haihusiani na ubora wa data, ni kukuchunguza wewe, waombe waizime au wewe uzime kifaa ukimaliza kutuma. Na kurekodi sauti kuna mtu wa pili ndani yake, mhojiwa. Kama ridhaa aliyosomewa haisemi sauti itarekodiwa, taasisi ndo yenye kosa hapo, siyo wewe, na hilo liandike.

Kuhusu kufanana. Mwaka 2016 watafiti wawili, Kuriakose na Robbins, walipendekeza kwamba mahojiano mawili yakifanana zaidi ya asilimia 85 yatiliwe shaka, na mifumo mingi imeiga hiyo namba. Lakini watafiti wa Pew waliijibu kwamba namba moja haiwezi kufaa kila mahali, kwa sababu kufanana kunapanda pia kwa sababu halali, kama watu wa eneo wanaishi maisha yanayolingana, au maswali mengi ni ya ndiyo na hapana, au yanajibika kwa namna moja na karibu kila mtu. Majirani wawili wasio na umeme, wasio na gari, wasio na friji, wasio na akaunti ya benki, wameshafanana kabla hujawauliza maoni yao. Kwahiyo alama ya mfumo ni sababu ya kwenda kuangalia, haitoshi kumkata mtu hela. GDPR ya Ulaya na sheria ya Kenya ya 2019 zote zinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na hata kama uko nchi nyingine hiyo ni hoja ya haki ambayo msimamizi mwenye akili ataielewa.

Andika barua fupi. Omba namba za mahojiano hayo mawili, asilimia waliyoipata, na maswali yaliyofananishwa. Omba wasikilize sauti zenyewe, si walirekodi? Zitakutetea. Omba mtu arudi kwenye kaya hizo mbili aulize maswali matano tu, na malipo yako yasubiri jibu la huyo mtu, siyo la kompyuta. Peleka nakala kwa msimamizi wa timu na kwa kamati ya maadili iliyopitisha utafiti, jina lake na namba yake ya simu vipo chini ya ile karatasi ya ridhaa unayowasomea wahojiwa kila siku.